Pua ya Tusekile na Harufu ya Kuungua

Kaa vizuri. Sogea hapa. Tega masikio, na pua nayo iweke tayari, maana hadithi hii inanuka.

Kule Tukuyu, juu kwenye vilima vya chai na migomba, kuna mtoto anaitwa Tusekile. Ana miaka sita. Ana mapengo mawili. Na ana pua.

Unasema kila mtu ana pua? Sawa. Lakini siyo pua kama ile.

Pua ya Tusekile inajua maharage yameiva kabla Bibi hajafunua chungu. Inajua mvua inakuja wakati mbingu bado nyeupe. Inajua Baba ameficha karanga kwenye koti, na inajua ni mfuko upi.

Nfu, nfu, nfu.
Pua ya Tusekile haidanganyi.

Basi siku hiyo ilikuwa siku kubwa. Mama alikuwa hospitalini, kule mjini. Alikuwa amejifungua mtoto wa kiume. Mtoto ana siku tatu, na Tusekile hajamwona hata ukucha.

Asubuhi simu ikalia. Alikuwa Mama.

"Daktari ameturuhusu," alisema. "Njooni mtuchukue leo."

"Leo leo?" Tusekile akauliza.

"Leo leo."

Tusekile akarukaruka mpaka kuku wakakimbilia nyuma ya choo.

Halafu akaacha kuruka. Akaenda kwa Bibi. Bibi alikuwa anakunja kanga mpya ya kumfunika mtoto.

"Bibi, mtoto atanijua mimi ni nani?"

"Macho yake bado hayaoni vizuri," alisema Bibi. "Lakini ananusa. Mtoto mchanga anamjua mtu kwa harufu."

Tusekile akanusa mkono wake. Ulinuka mkono tu. Akanusa kwapa lake. Hapo tusiseme kitu.

"Nataka aninuse ninukie vizuri," alisema. "Na gari pia linukie vizuri. Anuse, aseme, aa, hapa ndipo nyumbani."

"Hawezi kusema aa," alisema Bibi. "Ana siku tatu."

"Ataisema moyoni."

Nyuma ya jiko kuna mchaichai. Wewe unaujua mchaichai? Yale majani marefu kama nyasi, yanayotiwa kwenye chai, yakanukia nyumba nzima. Tusekile akakata fungu zima.

Sasa alitaka kitu cha kufungia mchaichai wake, usinyauke njiani. Akaenda kwenye migomba.

Huko ndiko sauti ya Baba ilikomfuata.

"Tuse, mama yangu, nikatie na mimi jani la mgomba. Nataka kuongeza oili kwenye gari."

Usishangae. Kule kwao jani la mgomba lina kazi nyingi kuliko wewe. Ukitaka kumimina maziwa kwenye chupa, unakunja jani. Ukitaka kumimina mafuta ya taa kwenye kibatari, unakunja jani. Juu pana, chini pembamba, na kila kitu kinapita katikati, gluk, gluk, gluk.

"Nilimnunulia baba yake faneli ya kumiminia," Bibi akasema peke yake. "Faneli ya plastiki, nyekundu, nzuri. Amewekea misumari."

Tusekile alifikia majani mawili tu. Moja lilikuwa zima, linang'aa, zuri kama kanga ya Bibi. La pili lilikuwa limechanwa na upepo. Mchaniko mdogo tu, mrefu kama kidole chako.

Tusekile akatazama jani zima. Akatazama jani lililochanika. Akatazama mchaichai wake.

Jani zima akafungia mchaichai.

Jani lililochanika akalikunja mara moja, mchaniko ukajificha. Akampa Baba.

Hakuna aliyeona. Wewe umeona, najua. Lakini nyamaza kwanza.

Gari lao linaitwa Parachichi. Ni la kijani, ni fupi, lina tumbo. Mlango wake mmoja unafunguka kwa ndani tu. Ukiliwasha linaanza kwa kunung'unika, kekeke, kekeke. Halafu ndipo linakubali, brrrum.

Baba akafunua boneti. Akaweka jani. Akamimina oili huku anaimba. Baba akiwa na furaha anaimba, na akiimba hatazami anachofanya.

Gluk, gluk, gluk. Akafunga kifuniko. Akatupa jani. Akapanda garini.

Kekeke, kekeke. Brrrum.

Parachichi likashuka kilima. Mbele wamekaa Baba na Bibi. Nyuma amekaa Tusekile, na mchaichai juu ya mapaja.

Wakapita shamba la chai. Wakapita kanisa. Wakampita mtu anayesukuma baiskeli yenye ndizi nyingi kuliko baiskeli yenyewe.

Nfu, nfu, nfu.

Pua ya Tusekile ikakunjamana.

Hiyo haikuwa harufu ya mchaichai. Ilikuwa kama kikaango kilichosahaulika jikoni. Kama mafuta ya maandazi ya jana, na ya juzi, na ya mwaka juzi.

"Baba, kuna kitu kinaungua."

"Watu wanachoma takataka, mama. Funga kioo."

Tusekile akafunga kioo. Harufu ikabaki ndani pamoja nao.

Nfu, nfu, nfu.

"Bibi, kuna kitu kinaungua."

"Ni breki za lile lori la chai lililo mbele," alisema Bibi. "Likikata kona itaisha."

Lori likakata kona. Harufu haikukata kona.

Nfu, nfu, nfu.

"Ni hapa," alisema Tusekile. "Ni sisi tunaonuka."

"Pua yako leo imechanganyikiwa," alisema Baba. "Imeamka mapema mno."

Lakini wewe unajua. Pua ya Tusekile haidanganyi.

Na kweli, pembeni ya boneti ukatoka moshi. Mwembamba kama uzi. Ukapanda, ukajikunja, ukaingia kwenye pua ya Baba mwenyewe.

Baba akaacha kuimba.

Akasimamisha gari pembeni. Akalizima. Kukawa kimya kabisa. Unasikia tu, tik, tik, tik, injini inapoa.

"Mtoto hawezi kuvuta moshi huu," alisema Bibi polepole. "Kifua chake ni kidogo kama yai."

Tusekile akakumbatia mchaichai wake.

Sasa hapo kwenye kona kuna gereji ya Gwamaka. Usifikirie gereji kubwa. Ni mabati manne, matairi kumi, na mbuzi mmoja. Lakini fundi wa hapo, huyo ni fundi. Na kama hujui, atakwambia mwenyewe.

"Mmekuja pazuri," alisema Gwamaka. "Mimi gari likikohoa tu, najua jana limekula nini. Shikamoo Bibi. Kaka, habari ya safari?"

"Marahaba," alisema Bibi.

"Mbaya," alisema Baba. "Kuna harufu. Nusa."

Gwamaka akainama. Akavuta pumzi. Ikatoka sauti kama ya bomba la maji lililoziba, frrrk.

"Sinusi kitu," alisema.

"Fundi gani asiyenusa?" aliuliza Bibi.

"Nina mafua, Bibi. Siku ya nne leo. Hata ukiniletea soksi ya mbuzi sinusi."

"Mbuzi havai soksi," alisema Tusekile.

Gwamaka akamtazama vizuri.

"Ndiyo maana sijawahi kuinusa. Wewe nani?"

"Tusekile. Tunakwenda kumchukua mdogo wangu hospitalini. Mimi ndiye niliyenusa kwanza. Walisema ni takataka. Halafu wakasema ni lori."

Baba akatazama viatu vyake. Bibi akatazama mawingu.

"Basi, dada mkubwa, niazime pua yako," alisema Gwamaka. "Lakini usisogee. Injini ya moto haiguswi, hata mimi siigusi. Simama juu ya jiwe lile. Nusa kwa mbali."

Tusekile akapanda jiwe. Akafumba macho.

Nfu, nfu, nfu.

"Inanuka kama ndala iliyoungua?" aliuliza Gwamaka.

"Hapana."

"Kama sukari iliyoungua?"

"Hapana."

"Kama mafuta yaliyosahauliwa kwenye kikaango?"

"Hiyo," alisema Tusekile. "Hiyo hiyo."

"Basi siyo mkanda wa injini, na siyo maji ya kuipoza. Ni oili inaungua." Gwamaka akamgeukia Baba. "Pua hii, kaka, usicheze nayo. Ningekuwa nayo mimi ningefungua gereji tatu."

Tusekile akasimama mrefu kidogo juu ya jiwe lake.

Gwamaka akawasha tochi. Akamulika ndani ya Parachichi.

"Ona pale," alisema. "Oili imeshuka ubavuni mwa injini, imefika kwenye bomba la moshi. Bomba lile linakuwa la moto kama jiko la mkaa. Tone likigusa pale, chsss. Moshi. Harufu. Ndiyo hiyo."

"Imefikaje pale?" aliuliza Baba.

"Ziko njia mbili. Labda imemwagika kwa nje. Hapo tunafuta tu, mnaondoka. Au inavuja kutoka ndani. Kuna utepe wa mpira unaobana kifuniko cha juu. Ukichoka, oili inapenya. Hapo lazima nifungue injini."

"Ukifungua, unafunga leo?"

"Utepe hauko hapa, kaka. Unatoka Mbeya. Parachichi litalala hapa mpaka kesho."

Baba akakuna kichwa.

"Mimi nilimimina vizuri," alisema. "Nilitumia jani la mgomba. Jani halimwagi."

"Kama hukumwaga, basi inatoka ndani," alisema Gwamaka. Akachukua spana ndefu, mkono usifike kwenye moto.

Tusekile akatazama kiti cha nyuma cha gari, pale alipoacha mchaichai na jani lake zima.

Simu ya Baba ikalia.

"Baba Tuse, mmefika wapi?" Ilikuwa sauti ya Mama, na wote waliisikia. "Nimeshamvalisha mtoto. Kofia, soksi, kila kitu. Tumekaa kwenye benchi, tunawatazamia."

Baba akatazama Parachichi. Akatazama spana.

"Tunakuja," alisema, kwa sauti ndogo.

Halafu kwenye simu, nyuma ya sauti ya Mama, ikasikika sauti nyingine. Ndogo sana. Kama mlango mdogo unafunguliwa.

"Eee."

Ndiyo mara ya kwanza Tusekile anamsikia mdogo wake.

Simu ikakatika.

Kri, ikasema spana. Nati moja ikalegea.

Kri. Nati ya pili.

"Subiri," alisema Tusekile. Lakini alisema kidogo mno, mbuzi tu ndiye aliyesikia.

Kri. Nati ya tatu.

"Fundi, subiri."

Gwamaka akasimama. Baba akageuka. Bibi akageuka. Hata mbuzi akaacha kutafuna.

Sasa ungekuwa wewe, ungesema? Usijibu haraka.

Tusekile akashuka kwenye jiwe. Akatazama chini. Akasema kwa mkupuo mmoja, kama mtu anayekunywa dawa chungu.

"Jani lilikuwa limechanika."

"Jani lipi, mama?" aliuliza Baba.

"La oili. Yalikuwa mawili. Jani zima nilifungia mchaichai wangu. Nilitaka mtoto anuse kitu kizuri. Lililochanika nilikupa wewe. Nililikunja, mchaniko ukajificha."

Chozi likashuka. Likapita pembeni ya pua, ile pua hodari, likaning'inia kwenye kidevu.

"Nilitaka harufu nzuri," alisema Tusekile. "Nimeleta mbaya."

Baba akachuchumaa mbele yake. Akageuza mguu, akamwonyesha suruali yake nyeusi, ile ya kuendea kanisani.

"Unaona hapa? Nusa."

Nfu, nfu, nfu.

"Oili," alisema Tusekile.

"Wakati namimina, nilihisi vidole vinateleza. Nikajua kuna oili imepita pembeni. Unajua nilifanya nini?"

"Nini?"

"Nikajifutia kwenye suruali, nikaendelea kuimba. Halafu nikaja hapa nikamwambia fundi sikumwaga." Baba akamfuta chozi kwa kidole safi. "Wewe umesema mapema kuliko mimi. Na mimi ndiye mkubwa."

"Kwa hiyo mmemwaga wawili," alisema Bibi. "Mtoto, na mtu mzima mwenye faneli ya kuwekea misumari."

Gwamaka akacheka mpaka akapiga chafya. Hachuu. Mbuzi akaruka pembeni.

Akakaza nati zote tatu, kri, kri, kri.

"Dada mkubwa, umeniokoa," alisema. "Fundi mzima kama mimi ningefungua injini ya watu kwa sababu ya jani la mgomba. Ningeficha wapi uso?"

Sasa ilibidi wasubiri injini ipoe. Bibi akatoa chupa ya chai. Ilikuwa chai ya kumpelekea Mama, lakini akasema Mama hatakasirika kwa vikombe vitano. Wakanywa kwenye kikombe kimoja kwa zamu. Gwamaka akapata mara mbili, kwa sababu ya mafua.

Injini ilipopoa, Gwamaka akaleta maji ya sabuni, vitambaa, na mswaki mkuukuu.

"Mswaki wa nani huo?" aliuliza Tusekile.

"Wa Parachichi. Hajapiga mswaki tangu azaliwe, ona alivyo."

Sugu, sugu, sugu. Akasugua ubavuni mwa injini.

Sugu, sugu, sugu. Akasugua juu ya bomba.

Vitambaa viliingia vyeupe vikatoka vyeusi. Mpaka kimoja kikaingia cheupe, kikatoka cheupe.

Halafu akachomoa kijiti cha kupimia oili. Akakitazama.

"Imepungua kidogo. Nyingine mmeimwaga barabarani. Tuongeze." Akatazama huku. Akatazama kule. Akainua tairi, akatazama chini yake. "Faneli yangu nilikuwa nayo juzi."

"Na wewe una misumari?" aliuliza Bibi.

Tusekile akaenda kwenye gari. Akachukua mchaichai wake. Akafungua jani taratibu, lile jani zima, zuri, linalong'aa. Mchaichai ukabaki wazi mkononi.

"Tumia hili," alisema. "Hili halijachanika. Nimelitazama pande zote."

Gwamaka akaliinua juani. Akalitazama mbele na nyuma kama mtu anayekagua pasi ya kusafiria.

"Limepita," alisema.

Juu pana, chini pembamba. Oili ikashuka, gluk, gluk, gluk. Safari hii Baba hakuimba. Alishika jani kwa mikono miwili, ametoa ulimi nje kidogo.

Hata tone moja halikumwagika.

Kekeke, kekeke. Brrrum.

"Panda jiwe," alisema Gwamaka.

Tusekile akapanda. Akafumba macho. Wote wakanyamaza.

Nfu, nfu, nfu.

"Bado inanuka," alisema.

Baba akafuta jasho. "Ni masalio tu," alisema Gwamaka. "Kitambaa hakifiki kila mahali. Yaliyobaki yataungua, yataisha. Tusubiri."

Brrrum. Wakasubiri.

Nfu, nfu, nfu.

"Kidogo."

Brrrum. Wakasubiri tena. Bibi akahesabu matairi ya Gwamaka, akapata kumi. Akayahesabu tena kutoka upande wa pili.

Nfu, nfu, nfu.

Tusekile akafumbua jicho moja. Akafumbua na la pili.

"Imeisha."

"Una hakika?" aliuliza Baba.

Gwamaka ndiye aliyejibu. "Kaka, umeshaibishia pua hii mara ngapi leo?"

Lakini fundi ni fundi. Alichukua karatasi nyeupe, akazima gari, akaipitisha chini ya kifuniko cha juu cha injini, pale ambapo ule utepe ungevuja. Akaitoa. Ilikuwa nyeupe kama maziwa.

"Ndani hakuna kinachotoka," alisema. "Nendeni mkamchukue mtu wenu. Na mwambieni, akikua, gari lake la kwanza alilete kwa Gwamaka."

"Ndaga, mjukuu wangu," alisema Bibi, maana kule kwao ndivyo wanavyosema asante. "Na uvae sweta."

Mchaichai sasa hauna jani. Ungenyauka. Tusekile alijua afanye nini. Akausugua kwenye viti. Akausugua kwenye milango, hata ule unaofunguka kwa ndani tu. Akausugua kwenye suruali ya Baba, pale palipokuwa na oili. Wa mwisho kabisa akausugua kwenye viganja vyake.

Nusu ya kilichobaki akala mbuzi. Hakuomba ruhusa.

Kekeke. Brrrum.

Wakafika hospitalini. Mama alikuwa kwenye benchi, kama alivyosema. Mikononi ana kifurushi. Juu ya kifurushi kuna kofia ndogo ya njano.

Baba akakimbia. Bibi akatembea haraka, ambayo kwa Bibi ni kukimbia.

Tusekile akabaki nyuma.

Akanusa viganja vyake. Mchaichai. Na chini ya mchaichai, mbali kabisa, oili kidogo.

"Tuse," alisema Mama. "Njoo, mbona uko huko? Huyu anakusubiri wewe."

"Mama, nikinuka oili hatanijua."

"Njoo tu."

Tusekile akaja. Hatua ndogo, hatua ndogo, hatua ndogo. Akainama.

Mdogo wake alikuwa mdogo kweli. Amefumba macho. Ana vidole vidogo kama punje za mahindi mabichi. Na katikati ya uso ana pua, ndogo kama haragwe.

Tusekile akasogeza kiganja. Polepole.

Pua ndogo ikacheza.

Nfu.

Ikatulia. Ikacheza tena.

Nfu, nfu.

Mtoto akageuza uso wake upande wa kiganja cha Tusekile. Akakilalia shavu.

Tusekile hakusogea. Hakupumua hata kidogo.

"Mama," alinong'ona. "Amenijua?"

"Amekujua," alisema Mama. "Tazama alivyotulia. Toka asubuhi hajatulia hivi." Halafu Mama naye akanusa. "Lakini mbona nyote mnanukia mchaichai? Na wewe Baba Tuse, hiyo suruali?"

"Ni hadithi ya jani," alisema Baba.

"Ya faneli," alisema Bibi.

Wakarudi nyumbani polepole. Mvua ikaanza, taa, taa, taa, juu ya paa la Parachichi. Tusekile alikaa karibu na Mama, pua yake imegusa kofia ya njano.

Nfu, nfu, nfu.

Maziwa. Sabuni. Na harufu nyingine ya tatu, tamu na ya joto, ambayo hakuwahi kuinusa mahali popote. Hakulijua jina lake. Akaamua ni harufu ya mdogo wake.

Walipofika, Tusekile alikuwa amelala tayari. Baba akambeba mpaka kitandani. Akamfunika blanketi mpaka kidevuni.

"Baba," alisema Tusekile, macho yamefumbwa.

"Naam, mama."

"Siku nyingine tumia faneli."

"Na misumari niweke wapi?"

Tusekile akafikiri. Akapiga miayo mirefu.

"Kwenye jani."

Baba akacheka bila sauti, kitanda kikatikisika. Akazima taa.

Chumba cha pili mtoto akapumua. Nfu.

Chumba hiki Tusekile akapumua. Nfu.

Nje, mvuani, Parachichi likapoa, tik, tik, tik, likinukia mchaichai.

Na wewe sasa nusa mto wako. Unanukia wewe mwenyewe, sivyo? Basi ni wako. Lala.